Bibi Aliyekuja Kuomba Moto

Nakumbuka asubuhi moja pale kijijini Nyololo, miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, nilizinduka nikajikuta nimelazwa nje kwenye majani yenye umande, na bibi kizee ananipiga makofi ya mashavuni.

Mwanangu, umeniuliza ubaki hapa Iringa au uhamie Dar es Salaam, na unataka jibu la haraka. Hulipati. Kaa kwanza.

Nilikuwa mke mpya, mimba imeshakuwa kubwa. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, leo Iringa, kesho Mbeya, na alikuwa amepata chumba huko Mbeya mjini. Nilitamani kuhama hata kesho yake. Nyololo ilinichosha, ukinunua sabuni, watu wote wanajua. Aliyenichosha zaidi ni jirani yangu, Bibi Malita. Kila kukicha hodi na salamu, "Kamwene, mjukuu wangu," ameshika kigae, anaomba kaa la moto. Kila siku ya Mungu. Nikajisemea, mtu mzima gani huyu asiyejua kufukia moto wake? Nilimpa huku nimenuna. Naye hakuwa na haraka, ananitazama uso, ananitazama tumbo, ndipo anaondoka.

Basi usiku mmoja baridi ilizidi, mume yuko safarini. Nikatia makaa kwenye karai, nikaliingiza chumbani, nikafunga mlango na dirisha, nikalala. Sikujua kwamba hewa ya makaa inaua mtu kimya kimya.

Asubuhi Bibi Malita akapiga hodi. Kimya. Mwingine angesema huyu bado amelala, akaenda zake. Yeye alichukua jembe akavunja dirisha, akapiga mayowe, watu wakaja wakanitoa.

Nilipopata nguvu nikampelekea unga, shukrani yangu. Nilipoingia jikoni kwake nikakuta ajabu. Moto ulikuwa unawaka, magogo manene, makaa tele, na kile kigae kimeegemezwa ukutani.

"Bibi, kumbe moto unao?"

"Haujawahi kuzimika tangu niolewe," akasema, huku anageuza viazi. "Ningekuja kukuuliza kama umeamka salama, ungesema nakuchunguza. Nikiomba moto, unafungua mlango."

Nilikaa chini pale pale nikalia.

Mbeya nilikwenda, mwanangu, tena niliipenda sana. Lakini asubuhi ya kwanza, kibiriti kizima nimekifunga kwenye pindo la kanga, niligonga chumba cha pili kwa mama nisiyemjua, nikamwomba moto. Kesho yake akaja yeye kuniomba chumvi. Na mtoto aliyekuwa tumboni siku ile ya karai ndiye aliyekufungulia mlango ulipofika hapa.

Kwa hiyo Dar es Salaam sikukatazi, wala Iringa sikulazimishi. Ila popote utakapopanga, kabla hujatundika pazia, tafuta mlango wa kugonga. Na wako ukigongwa, ufungue, hata kama umechoka, hata kama unaona kabisa huyu mtu hana shida ya chumvi. Mahali ambapo mlango wako unaweza kushinda umefungwa na asiulize mtu, pawe padogo pawe pakubwa, usikae.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akuamshe mzima kila kukicha, na siku utakayoshindwa kuamka, akupe mtu asiyeondoka mlangoni.