Maji Yaliyokataa Sabuni

Paskalina alikuwa mfua nguo, na mfua nguo humjua mtu kwa kola yake. Tangu atoke Masasi alikuwa akiwafulia wapangaji wa ghorofa moja pale Mchafukoge, nyumba sita kwa juma, na miaka minane ilimfundisha kwamba wenye maneno mengi ndio wenye kola chafu. Wilbert tu ndiye ambaye hakumfulia. Huyu alikuwa msimamizi wa jengo, kazi ambayo kwa macho ya Paskalina ilikuwa ni kuning'iniza funguo kiunoni na kuwaita watu "ndugu" kwa sauti ya kuswaga punda.

Mwaka 1975, sabuni ikiwa ya foleni, maji ya bomba la uani yalianza kuikataa. Unasugua weee, badala ya povu unapata mabonge meupe kama maziwa yaliyokatika, yanang'ang'ania beseni. Mashuka yakawa na rangi ya majivu. Birika za wapangaji ziliota ukoko mweupe ndani, na maharage yalichemka tangu asubuhi hadi adhuhuri yakabaki magumu vilevile.

Aliyelaumiwa ni Paskalina. Sitara, mwalimu wa ghorofa ya pili, aliteremka uani na shuka lake, wanawake wote wakimtazama.

"Dada Paskalina, hili umelifua au umelipitisha vumbini?"

"Nimelifua, mwalimu. Maji ndiyo mabaya."

"Maji? Nimekupa mche mzima wa sabuni, nimeupangia foleni tangu alfajiri. Kama unaiba unapeleka kwako Mchikichini, sema!"

Paskalina alilipokea shuka, akalirudisha kwenye beseni. Mtu amesomea ualimu, akaona mwizi kabla ya kuona ukoko wa birika yake mwenyewe!  Lakini neno mwizi hakulisahau.

Kesho yake alimfuata Wilbert, akamkuta mlangoni kwake anakunywa chai.

"Ndugu msimamizi, maji ya bomba yamegeuka. Yana chumvi."

"Maji ni ya serikali, mama," Wilbert alisema, akipuliza glasi. "Wahujumu huanza hivyohivyo, kwa kusema maji mabaya."

Aliendelea kuhutubia, lakini Paskalina hakuwa akisikiliza tena. Alikuwa akitazama shati. Lilikuwa jeupe pee, kola laini, na mkewe alilifua humohumo ndani kwa sabuni ileile ya foleni. Hata chai yake ilikuwa nyekundu safi, haina ule utando wa chai za wapangaji wengine. Akaondoka bila kuaga.

Mvua iliponyesha Alhamisi, alitega beseni. Jumapili, kwenye mkutano wa wapangaji, alikuja na chupa tatu za soda. Ya kwanza ilikuwa na maji ya mvua, ya pili maji ya bomba, ya tatu maji ya kisima cha zamani nyuma ya jengo, ambayo kila mtu aliyajua kwa chumvi yake na yalipandishwa kwa pampu kwa ajili ya vyoo tu. Alikwangua sabuni sawasawa katika kila chupa.

"Mwalimu, tikisa wewe," alimwambia Sitara.

Sitara akatikisa. Mvua ilitoa povu hadi shingoni mwa chupa. Kisima kilitoa mabonge. Bomba nalo mabonge, yaleyale.

"Haya, tumepata mganga wa chupa!" Wilbert akacheka. Wanaume wawili wakacheka naye, kama kawaida yao.

"Bado moja," Paskalina alisema. "Naomba maji ya jikoni kwako."

Kicheko kikakatika. "Mkutano umefungwa," Wilbert akasema.

Haukufungwa. Hamis, fundi cherehani wa barazani, alitangulia kwenye ngazi kwenda kuona maji ya Wilbert yanatoka wapi, na watu wakamfuata hadi juu ya paa. Huko walikuta mpira wa pampu ya kisima umeelekezwa kwenye tangi la wote, lile linalolisha bomba la uani. Bomba la mjini, ambalo miezi ile lilitoa maji kidogo, liligeuzwa likajaza pipa lenye kufuli, na kutoka pipani mrija uliteremka kwenye dirisha moja tu. Dirisha la Wilbert.

"Nilikuwa nawasaidia msikose maji kabisa," alisema.

Paskalina akatema mate pembeni. "Ungekunywa na sisi, basi."

Mabomba yalirudishwa siku ileile. Maji ya mjini yakaja, machache na kwa zamu, ila yalitoa povu. Wilbert hakufukuzwa; alihamishiwa jengo jingine, refu zaidi. Paskalina hakushangaa. Watu wa namna ile, alisema, hawaanguki, huhamishwa.

Baadaye Sitara akaja uani na furushi. "Dada Paskalina, yale yamepita. Nimekuletea na mche mpya."

"Uliniita mwizi hapa, mbele za watu," Paskalina akajibu, mikono ikiwa majini. "Nakusubiri useme vingine, hapahapa."

Sitara akawatazama wanawake waliokuwa wakifua. Akapanda ngazi na furushi lake. Nyumba tano zilizobaki zilimtosha Paskalina. Sitara alijifulia mashuka yake mwenyewe bafuni, ovyo, maji yakimwagika hadi koridoni.