"Pero" Iliyosimamisha Vijiko vya Wageni wa Shangazi

Jamani, nichekeni tu, maana hata mimi nikiikumbuka ile siku ya kijijini Mbuchi naona haya nikiwa peke yangu chumbani.

Kazi yangu ni kuongoza wageni, nawapokea Ikwiriri nawapeleka delta ya Rufiji kuona mikoko, na mara ile walikuja mtu na mkewe, wazee, kutoka Hispania. Kiingereza walikijua, tungeongea hicho tukamaliza salama, lakini mimi (sijui nani alinituma) nikaamua kuwaonyesha Kihispania nilichookota kwenye video za simu. Humo nilisikia watu wanaunga maneno kwa "pero", pero hiki, pero kile, nikajiambia hiyo ni "na tena".

Aliyetupikia ni shangazi yangu, Bi Mwanaidi. Mwanamke yule alifiwa na mume watoto wakiwa wadogo, akaingia mtumbwini kuvua mwenyewe, akawasomesha wote, na wali wake wa nazi ukiuonja hutaki kuondoka. Wageni wa Kizungu hakuwahi kuwapikia, kwa hiyo majirani walijaa uani kutazama.

Wageni wanakula kwa raha zao, mimi nikasimama kumsifu. Nikasema kwa Kihispania wali huu mtamu, pero... nikawa natafuta neno. Vijiko vikasimama hewani. Nikahamia kwa wale kamba wa kitoweo: wametoka majini leo, pero... Mzee akaacha kutafuna. Nikaona labda hawanisikii, nikapaza sauti: shangazi yangu ni mtu msafi sana, pero! Mkewe akaweka kijiko chini.

"Hamisi," shangazi akaita, "umewaambia nini wageni wangu?"

"Nimekusifu, shangazi, wallahi!"

Yule bibi akaniuliza kwa Kiingereza, kwa upole kabisa: "Lakini nini?"

Kumbe pero ni "lakini"! Nikamweleza shangazi kwa kigugumizi, nikijua atanifukuza mbele za watu. Yeye akanawa mikono, akaketi mkekani katikati ya wageni, akamega tonge kwenye sinia lao, akala, akamkaribisha bibi kwa mkono. Ndipo akanigeukia.

"Waambie, huyu mtoto wa kaka yangu anaropoka, lakini ana moyo mzuri."

Nikatafsiri, kichwa chini, na pero ile ndiyo ya kwanza niliyoiweka mahali pake. Bibi akaangua kicheko, mzee akaomba aongezewe wali.

Siku hizi nikipeleka wageni kwa shangazi natenga sinia, nasema karibuni, nafunga mdomo. Wakishakula watamsifu wenyewe.