Nani Kalishika Faili?

Jina la Kufuli hakupewa na wazazi. Alilichuma mwenyewe kwa jasho lake. Droo yake ya ofisini ilikuwa na kufuli, kabati la nyumbani lilikuwa na kufuli, na baiskeli aliyoendea kazini ilikuwa na minyororo miwili, wa gurudumu la mbele na wa gurudumu la nyuma, kwa hiyo kila asubuhi wenzake walimkuta amechuchumaa uani kama mtu anayemfunga ng'ombe mkali. Mkewe, fundi cherehani mwenye ulimi uliopita mkasi wake kwa makali, aliwaambia wateja, "Huyu akinikumbatia, naangalia kwanza kama hanipekui."

Hakuzaliwa hivyo. Baba yake alikuwa na duka la vipuri vya baiskeli, na aliyesimama kaunta alikuwa baba yake mdogo, mtu wa vicheko, aliyempa Kufuli kengele mbovu za kuchezea. Ikaja siku vipuri vikaanza kupungua. Hakuna aliyeuliza maswali. Baba mdogo alitolewa mbele ya majirani, mfuko mmoja begani, akaondoka asigeuke nyuma. "Mlango hauna ndugu, mwanangu," baba yake alisema huku akibadilisha kufuli. Vipuri vikaendelea kupungua vilevile. Baba akasema yule bwana lazima alichonga funguo za bandia kabla ya kuondoka, ingawa kufuli lilikuwa jipya. Mtoto akaamini, na neno hilo likaota moyoni mwake kama mwiba ulionyamaziwa.

Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi, na harufu ya rangi ilipanda ngazi pamoja na kila mgeni. Walitengeneza programu ya kuzisaidia zahanati kujua dawa gani imebaki na ipi imekwisha muda. Kila mmoja aliandika kipande chake mezani kwake, akakituma. Kompyuta moja kubwa ya kijivu iliyokaa pembeni ilivipokea vipande vyote, ikaviunganisha yenyewe bila mkono wa mtu, na mwishoni kabisa ikanakili faili kubwa la dawa, lenye picha za vidonge vyote, na kuliweka kwenye folda ambamo wateja walichukua toleo jipya. Kazi ikienda sawa, skrini ukutani iling'aa kijani. Ikikwama, nyekundu. Mlezi wa kompyuta hiyo alikuwa Kufuli, na aliipenda kwa sababu haikuwa na ndugu.

Siku ya kwanza ilipowaka nyekundu, sababu ilikuwa ya kitoto: diski ilijaa matoleo ya zamani, faili likakosa pa kukaa. Kufuli alifagia, kijani kikarudi. Mambo yangeishia hapo, kama si meneja kusema kwenye kikao cha asubuhi, "Ajabu. Zamani hatukuwa na mambo haya."

Watu wote wakaacha kumtazama yule waliyemwita Mgeni. Na namna walivyoacha kumtazama ilikuwa mbaya kuliko kumkodolea macho.

Mgeni alikuwa dada mmoja mrefu, mkimya, aliyetoka kwenye kampuni iliyokuwa ikigombania wateja nao. Alikuwa amekwisha kuzoea hata ule mlango wa choo unaofunguka kwa kunyanyuliwa, lakini jina lilibaki Mgeni. Kazi hii ndiyo iliyomlipia kodi yeye na baba yake aliyepooza upande mmoja. Jambo hilo kila mtu alilijua, na hakuna aliyelifikiria.

Kufuli alimfuata meneja chumbani kwake, akafunga mlango.

"Bosi, naomba ruhusa niweke mlinzi."

"Mlinzi gani tena? Yule wa getini hakutoshi?"

"Wa ndani ya kompyuta. Kila faili la dawa likishanakiliwa, analifungua na kulisoma mwanzo hadi mwisho. Mtu akiligusa, tunajua."

"Weka," meneja alisema. "Tena usimwambie mtu."

Kufuli akaweka. Mkono ulivyokuwa umekolea, akaweka na mwingine mdogo ambao hata meneja hakuambiwa: huyo alimjulisha Kufuli ni lini Mgeni amefungua kompyuta yake, na mafaili gani.

Kuanzia hapo nyekundu ikawa mwenyeji. Si kila mara. Hilo ndilo lililomkondesha. Leo inakwama, ukijaribu tena inapita. Na ujumbe ulikuwa uleule: faili haliwezi kunakiliwa, linatumiwa na programu nyingine. Programu ipi? Kimya. Kompyuta ilikuwa kama jirani mmbeya mwoga, anakuambia kuna mtu kaingia kwako, ukimuuliza nani anasema hataki kesi.

Kufuli alifanya yote anayoyafanya fundi. Aliizima kompyuta na kuiwasha. Alikagua nani ana ruhusa ya kuandika kwenye folda. Alizima antivairasi kutwa nzima, maana antivairasi nazo hupenda kushika mafaili ya watu na kuyanusa. Akaihamisha folda nzima kwenye diski nyingine, na mlinzi akamhamisha pamoja nayo, kwani nani huhama akamwacha mlinzi nyumba ya zamani? Nyekundu.

Kisha akaona jambo lililompandisha damu. Jamaa wa meza ya dirishani, waliyemwita Redio kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia, alipotuma kazi, kijani. Meneja alipotuma marekebisho yake ya kujitutumua, kijani. Mgeni akituma, mara nyekundu, mara kijani, mara nyekundu.

"Nilisema mimi!" Redio alinong'ona, na mnong'ono wa Redio ulisikika hadi duka la rangi. "Mtu haachi mshahara kule aje huku kutupenda. Katumwa."

Siku moja Kufuli alimkuta Mgeni kwenye jiko dogo la ofisi, anasuuza kikombe.

"Kaka Kufuli, ile kompyuta imeninunia tena."

"Kompyuta hainuni bila sababu."

"Basi tuitafute hiyo sababu pamoja. Nikae na wewe leo mchana?"

Kufuli alimtazama kama anayetazama noti inayong'aa mno. Kwa nini atake kukaa naye? Anataka kujua upelelezi umefika wapi. "Nitakuita," alisema, na hakumwita. Mgeni alikausha kikombe, akakibeba hadi mezani kwake badala ya kukirudisha kwenye rafu. Hata hilo Kufuli aliliweka akilini: mwenye moyo safi angeogopa nini kuacha kikombe na vya wenzake?

Hivi ndivyo shaka inavyofanya kazi, na ndiyo maana inatisha kuliko uongo. Uongo hutafuta ushahidi. Shaka hugeuza kila kitu kuwa ushahidi. Ofisi ikishapata mtu wa kulaumu, haitafuti tena sababu. Inamtafutia tu tarehe.

Tarehe ilipatikana. Meneja alimwita Kufuli, akasema kesho asubuhi baada ya kikao Mgeni atapewa barua ya kufukuzwa. "Wewe niletee kitu cha kumwonyesha asije akanigeukia. Chochote."

Jioni mkewe alikuwa anapinda sketi za shule chini ya taa. Kufuli alimweleza yote, akitegemea kusifiwa.

"Umemwona akifanya?" mke aliuliza, pini mdomoni.

"Sijamwona. Ni mjanja."

"Mlinzi wako kamkuta ameligusa faili?"

"Hata mara moja. Ndiyo nakwambia ni mjanja."

Mke alitoa pini mdomoni. "Yaani, baba watoto, ushahidi wako ni kwamba hakuna ushahidi. Mungu aniepushe nisije kukupikia vizuri siku moja ukaniuliza nimeficha nini."

"Wewe mambo ya kompyuta huyajui."

"Siyajui. Najua kufukuzwa. Mama yangu alifukuzwa kazi ya usafi kwa kijiko, na kijiko kikaja kuonekana kimeanguka nyuma ya jiko. Unadhani kuna aliyekuja kumwita arudi?"

Kufuli alikwenda kulala. Lakini usingizini aliendelea kukisikia kile kijiko kikianguka.

Asubuhi aliwahi. Alikuwa amepata programu ndogo ambayo wenzake wa fani huitumia, ambayo alipaswa kuitafuta tangu siku ya pili kama angekuwa anatafuta tatizo na si mtu. Kazi yake ni moja: unaionyesha faili, nayo inakutajia ni programu ipi imelishika wakati huo, na imewashwa kwa jina la nani. Hiki ndicho kile chochote alichokitaka meneja. Aliiweka tayari, akangoja.

Mgeni aliingia, akasalimia chumba, akaanza kazi. Desturi yake ilikuwa tofauti na ya wengine. Redio alilimbikiza kazi ya kutwa, akaituma mara moja jioni kama mtu anayemwaga takataka. Mgeni alirekebisha kidogo, akatuma. Akarekebisha kidogo, akatuma. Alituma. Kijani. Hata chai ya Kufuli haijapoa, akatuma tena.

Nyekundu.

Kufuli alibonyeza kitufe. Jina likatokea kwenye skrini. Alilisoma, akafuta miwani, akalisoma tena.

Lilikuwa lake mwenyewe. Aliyelishika faili ni mlinzi.

Akaielewa yote kwa mkupuo. Faili lilikuwa kubwa, kompyuta nzee, na mlinzi msomaji wa polepole. Kila toleo likitoka, mlinzi alilikumbatia na kulisoma hadi mwisho. Kazi nyingine ikija kabla hajamaliza, kompyuta ilijaribu kunakili faili jipya juu ya lile lililokumbatiwa, ikakataliwa. Redio hakukwama kwa sababu alituma mara moja tu. Mgeni alikwama kwa sababu alifanya kazi. Na kadiri Kufuli alivyoingiwa na shaka ndivyo alivyozidi kumwacha mlinzi palepale, akimshuku kila kiumbe ofisini isipokuwa huyo aliyempeleka mwenyewe.

Ofisi ilikuwa bado tulivu. Hakuna aliyeona. Na hapo, akiwa na mkono juu ya kibodi, Kufuli alikutana na jambo baya kuliko makosa yote: angeweza kumfuta mlinzi sasa hivi, kimya kimya. Saa moja baadaye Mgeni angeshuka ngazi na barua yake. Na nyekundu isingewaka tena kamwe. Redio angesema, "Si mnaona? Kaondoka, na balaa limeondoka." Ushahidi usingekuwa na doa. Baba yake mwenyewe hakuwahi kuupata ushahidi mzuri hivyo. Yeye vipuri vilimsaliti kwa kuendelea kupungua.

Alimwona baba yake mdogo na ule mfuko mmoja begani. Kwa mara ya kwanza maishani alijiuliza ulikuwa na nini ndani yake. Huenda nguo.

Meneja aliingia, bahasha mkononi. "Kufuli, kipo?"

"Kipo, bosi. Lakini waite wote. Na dada Mgeni."

"Mbele ya watu? Kwa nini?"

"Kwa sababu tulimshuku mbele ya watu."

Walikusanyika mbele ya ile kompyuta ya kijivu. Mgeni alisimama nyuma, mkoba begani tayari. Habari ya bahasha ilikuwa imemfikia, maana ofisi yenye Redio haina siri. Kufuli alimwomba atume kazi mara mbili mfululizo. Alituma bila kuuliza. Kijani, kisha nyekundu. Redio akatikisa kichwa kama mganga aliyebashiri vyema.

Kufuli akabonyeza kitufe, akasogea pembeni ili wote waone.

"Hilo si jina lako?" Redio aliuliza.

"Ndilo."

"Maana yake nini?" meneja akasema.

"Maana yake mnayemtafuta ni mimi. Niliweka mlinzi wa kumnasa yeye. Mlinzi ndiye anayelishika faili. Angetuma mara moja kwa siku kama Redio, tusingemshuku. Kosa lake ni bidii." Akamgeukia meneja. "Na wewe bosi uliniruhusu, na Redio ulitutangazia. Lakini mkono ni wangu."

Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, Redio alinyamaza. Meneja aliitazama bahasha kana kwamba kuna mtu aliyempachikia mkononi, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Sasa, dada," alianza, "haya ni mambo ya kiufundi tu, tusiyakuze—"

"Barua ilikuwa ya kiufundi pia?" Mgeni aliuliza.

Alivua mkoba, lakini hakukaa. Alisogea hadi kwenye kompyuta, akasimama nyuma ya kiti cha Kufuli.

"Niliomba tutafute pamoja," alisema.

"Uliomba."

"Ukaogopa nini?"

Kufuli alitafuta jibu, akapata ukweli tu, nao ulikuwa wa aibu. "Kwamba utaona sina kitu."

Akamfuta mlinzi mbele ya macho yake. Akageuka, akidhani yamekwisha.

"Futa na yule wa pili," Mgeni alisema.

"Yupi?"

"Anayekuambia nimefungua kompyuta yangu lini."

Masikio ya Kufuli yaliwaka moto. "Ulijua?"

"Kaka, mimi nilitoka kampuni nyingine, sikutoka msituni."

Kicheko kilimtoroka mtu, Redio bila shaka, kikakatika njiani kwa kukosa mwenzake. Kufuli alimtafuta yule wa pili, akamfuta. Mgeni alisubiri hadi jina lilipotoweka kwenye skrini, ndipo akarudi mezani, akakisogeza kikombe chake pembeni, akaketi. Akarekebisha kidogo, akatuma. Akarekebisha kidogo, akatuma tena.

Wote walikuwa wamesimama, wanatazama skrini ya ukutani. Yeye hakuinua macho.