Sauti ya Baba Ndani ya Flashi

Baba alituachia shamba la ekari chache Kathonzweni, mbuzi wasiosikia la mtu, na video moja ya dakika nne. Video hiyo niliirekodi mimi kwa simu ya zamani, siku wakwe walipoleta mbuzi wa mahari ya dada yangu. Hakuna aliyejua kwamba sauti yake ingebaki hapo tu. Ningejua, ningepangusa kamera kwanza, maana ilikuwa na doa la mafuta lililomkalia kila mgeni usoni.

Mwaka mmoja na kitu baada ya mazishi, mama alinipigia akasema anataka kumwona baba kwenye runinga, na amsikie pia. Kazi yangu ni kuchapia watu barua na kuwajazia fomu za mtandaoni huko Kitui mjini. Kwa familia yetu hiyo inatosha mtu kuitwa mtaalamu wa kompyuta, nami sijawahi kukanusha.

Niliangalia ile faili. Jina lake liliishia na 3GP, na kijitabu cha runinga kilisema inasoma MP4. Nikafuta 3GP, nikaandika MP4. Ilinichukua sekunde tano. Nikashangaa kwa nini watu husomea mambo haya chuoni.

Jumamosi nilifika nyumbani na flashi mfukoni. Mama alikuwa ameshaita watu: shangazi yangu, dada yangu na mume wake, wote wamevaa kama wanaenda kanisani. Nikachomeka flashi. Runinga ikafikiri kidogo, kisha ikaandika kwamba faili hiyo haiitambui.

"Haimtambui?" mama akauliza.

"Si baba, mwaitu," nikamwambia mama. "Ni faili." Ikabidi nieleze nilichofanya.

Mama alinisikiliza hadi mwisho. "Kwa hivyo uliandika sukari kwenye mkebe wa chumvi," akasema, "ukadhani runinga haitaonja."

Shangazi alicheka akiwa ameinamia kikombe chake. Tulikunywa chai, watu wakaenda zao.

Niliporudi Kitui nilitafuta programu ya kubadilisha video kikweli. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba MP4 na 3GP ni vyombo tu. Ndani ya chombo mna picha na mna sauti, na kila moja imefungwa kwa namna yake. Programu ikaniuliza maswali mawili. Picha, je, ibadilishwe? Nikakubali. Sauti, je, ibadilishwe au iachwe ilivyo? Hapo nikasita. Hii ilikuwa sauti ya baba yangu. Mimi ni nani niichezee? Kwa heshima zote nikachagua iachwe ilivyo.

Jumamosi iliyofuata watu wale wale waliketi tena. Safari hii runinga haikulalamika. Baba akatokea, mrefu, kofia imekaa upande, amesimama mbele ya nyumba yetu. Akafungua mdomo. Hakuna kilichosikika. Nikaongeza sauti hadi mwisho, na bado baba aliongea kimya, mkono mmoja juu.

Heshima yangu ndiyo iliyomziba mdomo. Sauti ya simu ile ilikuwa ya aina iitwayo AMR, ambayo runinga ya mama haikuielewa kabisa.

"Miaka yote nilimwomba anyamaze kidogo," mama akasema. "Amechagua leo."

Lakini hakutaka niizime. Tuliitazama mara tatu. Mara ya tatu shemeji yangu, mume wa dada, akasogea karibu na runinga akamkazia baba macho midomoni.

"Hapa anatubariki," akasema. "Angalia ule mkono."

Kila mtu aliuangalia mkono. Kweli, ulionekana wa baraka. Shangazi alianza kulia, na mama akasema amina.

Nilirudi mara ya tatu sauti ikiwa imegeuzwa kuwa AAC, aina ambayo runinga inaielewa, na nilikuwa nimeijaribu mara kumi kwenye kompyuta. Kwa hiyo mimi peke yangu nilijua kinachokuja. Njia nzima niliwaza kama nisingizie flashi imepotea. Sikuwa na ujasiri wa kumdanganya mama, nikaichomeka.

Baba akainua mkono wake wa baraka. Kwa Kikamba kikali, kwa sauti iliyojaa chumba, akasema: "Wewe, acha kucheza na hiyo simu, shika mbuzi, anakula maua ya mama yako. Na ni nani huyo amekaa kwenye kiti changu?"

Aliyekuwa kwenye kiti alikuwa shemeji. Video ilimwonyesha, doa likiwa usoni, akiinuka nusu, asijue aende wapi. Sasa naye, kwenye kochi letu, aliinuka nusu vile vile.

Kisha mama akacheka. Alicheka hadi akafunika uso kwa leso, na alipoufunua ulikuwa umelowa, nasi tukaangalia pengine.

"Huyo ndiye yeye," akasema. "Yule wa wiki jana sikumjua."

Picha hakuitaka tena. Aliniomba nimwekee sauti peke yake kwenye kadi ya redio yake ndogo, ambayo husoma MP3 tu. Nikageuza tena, safari hii bila kusita, na baba akakaa kati ya nyimbo za kwaya.

Nilikuwa nyumbani mwezi uliopita. Mama alikuwa anachambua mbaazi kwenye ungo, redio iko kando yake. Wimbo ukaisha, baba akaanza kukemea. Alipofika kwenye swali la kiti, mama alijibu bila kuinua macho.

"Ni mkwe wako huyo. Mwache akae."

Wimbo mwingine ukaanza. Akaniuliza kama nitakula muthokoi au nina haraka ya kurudi Kitui.