Mshika Ngazi

Jina alilopewa na wazazi wake halikumkaa. Tangu alipojua kutembea, mtaa mzima ulimwita Mdadisi, kwa sababu hakuna mlango uliofunguliwa asichungulie, wala maongezi yaliyoanza asisogeze sikio. Na Mungu, kwa utani wake, akamleta duniani katika nyumba yenye ngazi pekee mtaani.

Baba yake alikuwa fundi rangi. Ngazi ilikuwa ya mbao, ndefu na nzito ajabu, na jirani aliyetaka kuziba bati au kushusha mpira wa mwanawe ilibidi aje kuiazima. Baba alikubali kwa sharti moja: ngazi iende na Mdadisi, irudi na Mdadisi. Lakini mtoto mmoja ataibebaje? Ndipo alipoingia Kimya, binti wa mshona viatu wa nyumba ya pili, aliyesema kwa mwaka maneno ambayo Mdadisi aliyamaliza kabla ya chai ya asubuhi. Kimya alishika mbele, maana Mdadisi akitangulia, macho yake yalikuwa kila mahali isipokuwa njiani, na walishawahi kuvunja dirisha la mwalimu.

Wakifika, Mdadisi alipanda, Kimya akashika miguu ya ngazi. Kule juu Mdadisi alisahau kilichompeleka. "Paka wa mwalimu amezaa darini! Mwenye duka anaanika wigi!" alipiga kelele, na palipokosekana jambo alitia chumvi. Siku moja alidai ameona uani kwa mtu bwawa la bata weupe. Kimya alimuuliza, "Wangapi?" Zaidi ya hapo hakuuliza kitu.

Wakakua. Mdadisi akarithi ngazi na brashi, akawa fundi rangi anayegombewa, ingawa wateja walijua kwamba akimaliza kupaka sebule atakuwa ameshajua nani kanuniana na nani. Kimya akaolewa, akafiwa, akalea mwanawe palepale. Mtaa nao ukageuka huku wakiutazama: michongoma iling'olewa zikaja kuta, kuta zikatiwa mageti, nyumba za chini zikavunjwa, yakasimama majengo ambayo ngazi ya mbao haikufika hata nusu yake.

Ikafika zamu ya nyumba ya Kimya. Jengo jipya lilipokamilika, mjenzi, aliyemwahidi nyumba badala ya kiwanja, alimwambia achague: akae chini kabisa, au juu kabisa, ghorofa ya nne. Lifti hakuna. Na kila mtu alijua Mdadisi ana goti bovu. Kimya akachagua juu.

Habari hiyo ilimchoma Mdadisi. Kwani amenichoka? Miaka yote hii alikuwa anazivumilia tu kelele zangu? Yeye aliyejua siri za kila paa hakuijua ya mtu waliyekuwa naye chanda na pete. Alinuna wiki nzima, akawa anapita chini ya jengo lile bila kuinua uso. Lakini udadisi ni ugonjwa, na wake ulikuwa sugu. Jumamosi alizipanda zile ngazi za saruji akishikilia ukuta, akilitukana goti lake kila kona.

Kimya alifungua mlango kabla hajabisha hodi.

"Nimekusikia tangu chini. Pole."

"Pole ya nini? Niambie ukweli. Umepanda huku kunikimbia?"

"Kukukimbia?"

"Chini si kulikuwa wazi! Ungekaa chini ningekuja kila siku."

Kimya alimsogezea kiti. Kisha akasema, "Mwenzangu, utoto wangu wote niliona visigino vyako tu."

"Visigino?"

"Wewe uko juu unaona, mimi niko chini nasimuliwa. Hata siku moja hukuniuliza kama nataka kupanda. Na mimi nilitaka kuona."

Ilikuwa kweli. Mtu aliyeihoji dunia nzima hakuwahi kumuuliza Kimya hata hilo moja. Aliona aibu, na aibu ikachanganyika na faraja mpaka machozi yakamlenga. Dirisha lilikuwa palepale, pana, mtaa wote uko chini yake, kila ua, kila bati. Hamu ilikuwa inamuua. Akageuza kiti, akalipa dirisha mgongo.

"Haya," alisema. "Unaona nini?"

Kimya alikwenda dirishani. Hakuwa na haraka.

"Naona bati lako. Limetoboka upande wa chumbani. Mvua ikinyesha unaweka ndoo wapi?"

Hilo Mdadisi hakuwahi kumwambia mtu. Fundi anayependezesha nyumba za watu, angeanzia wapi?

"Karibu na kitanda," alisema kwa sauti ndogo.

"Kesho tutaitoa ngazi," Kimya alisema. "Napanda mimi. Wewe utashika."