Sauti ya Muuza Laptopu wa Rhamu

Khadra Salat ana kibanda cha kuchapa karatasi mjini Garissa, hatua chache kutoka kwenye ofisi za serikali. Watu humletea fomu za basari, barua za kuomba kazi, matangazo ya vifo, na vyeti vya kuzaliwa vyenye majina yaliyokosewa. Ana miaka arobaini na mmoja, ni mrefu, sauti yake ya chini, na hachapi kitu bila kukisoma kwanza. Baba yake alikuwa mfugaji. Ukame ulipomaliza ngamia, Khadra alipelekwa kwa shangazi yake mtaani Galbet, akajifunza kupiga chapa kwa mashine kuukuu ambayo herufi r yake ilikuwa imelegea. Hadi leo hubonyeza r kwa nguvu kuliko herufi nyingine, na wateja hucheka.

Mwezi wa tatu mwaka huu kompyuta yake iliungua. Fundi aliifungua, akainusa, akatikisa kichwa. Mpya hakuimudu, kwa hiyo akaanza kutafuta laptopu ya mitumba mtandaoni, kwenye ukurasa wa watu wa kaskazini wanaouziana vitu.

Huko ndiko alikomwona Keinan. Picha yake ilikuwa ya kijana mwenye meno yaliyoachana kidogo, amesimama mbele ya rafu ya redio na simu. Ukurasa wake ulikuwa wa miaka mingi, umejaa wateja waliomshukuru. Bei yake ilikuwa ya chini, lakini si ya kutisha. Khadra alimwandikia salamu, akauliza kama mashine bado ipo.

Jibu lilikuja kwa sauti. "Waaleykum salaam, abaayo. Hiyo mashine bado iko. Ni safi, wallahi, nimeitumia mwenyewe." Kisha kikohozi kifupi. Nyuma ya sauti hiyo mvua ilikuwa ikipiga mabati kwa kishindo.

Khadra aliipenda ile sauti iliyomwita abaayo, dada. Ilikuwa ya mtu asiye na haraka. Akauliza betri inakaa saa ngapi.

Keinan akajibu kwa maandishi: mzigo utatumwa kwa basi kutoka Rhamu, atume nusu ya bei sasa, kuna mtu mwingine anaitaka.

"Sitoi pesa kabla ya kuona," Khadra aliandika. "Andika jina langu kwenye karatasi, iweke juu ya mashine, upige picha. Kisha uiwashe unirekodie video."

Halafu ukaja ujumbe mwingine wa sauti. "Waaleykum salaam, abaayo. Hiyo mashine bado iko. Ni safi, wallahi, nimeitumia mwenyewe." Kikohozi. Mvua.

Khadra aliweka simu mezani. Nje palikuwa mchana mkali, watu wanapita na bahasha zao. Alisikiliza ujumbe wa kwanza, kisha wa pili. Hata pumzi ilikuwa ileile.

Binamu yake Fatumo anaishi Rhamu, anauza vitunguu vya mashambani kando ya mto Daua. Khadra alimpigia.

"Kwenu kunanyesha?"

"Mvua gani?" Fatumo akacheka. "Miezi minne hatujaona hata wingu. Kwa nini?"

Khadra alimweleza, akamtumia picha ya Keinan na zile sauti. "Nenda dukani kwake ukaiguse hiyo laptopu kwa mkono. Usilipe chochote. Iwashe, uangalie kioo, uone kama inachaji."

Fatumo aliondoka kesho yake saa nne asubuhi. Saa sita alipiga simu, na sauti yake ilikuwa ya kunong'ona.

"Niko kwake."

"Umeiona?"

"Khadra, hapa hakuna duka. Kuna mama yake tu, anaitwa Rukiyo. Keinan alikufa. Ule mwaka wa mafuriko alijaribu kutoa mali ya duka, maji yakamchukua."

Khadra aliondoa simu sikioni. Kwenye kioo cha simu yake, chini ya jina la Keinan, kulikuwa na kile kitone cha kijani kinachoonyesha mtu yupo. Kisha maneno yakatokea: anaandika.

*Abaayo, umeshatuma?*

"Ananiandikia," Khadra alisema. "Sasa hivi, Fatumo. Ananiandikia."

Upande wa pili Rukiyo alikuwa ameuliza kuna nini. Fatumo hakujua kudanganya, akamwambia. Mama yule akaomba asikilizishwe. Khadra akasikia kupitia simu ile mvua ikianza tena, sasa ndani ya nyumba ya Rhamu, na sauti ya kijana ikisema mashine ni safi. Kikohozi kilipofika, Rukiyo alitoa mlio mdogo kama mtu aliyechomwa na mwiba.

"Ni yeye," alisema. "Hicho kikohozi kilianza na mvua zile. Siku tatu baadaye mto ukaja."

Kisha akauliza jambo ambalo Khadra halisahau. "Nikimwambia kitu, kitafika?"

"Hooyo, mama, huyo si Keinan," Khadra alimwambia. "Ni mtu anayetumia sauti yake."

"Najua. Nimemzika mwenyewe. Nauliza kama kitafika."

Basi Khadra akamwambia aseme, naye akairekodi sauti yake kutoka kwenye simu na kuituma. Haikuwa ndefu. "Keinan, ni hooyo. Wewe uliyeko ndani ya jina la mwanangu, ni mimi niliyemzaa. Mwachilie."

Alama zikaonyesha ujumbe umesikilizwa. Anaandika. Yakapotea. Anaandika. Yakapotea tena. Khadra na Fatumo walishikilia simu zao, na mama yule alikuwa akipumua karibu na kipaza sauti. Hapakuja neno. Baada ya dakika chache picha ya kijana ikageuka kivuli cha kijivu: Khadra alikuwa amefungiwa na mtu huyo.

Khadra alipokwenda kituo cha polisi, afisa alimweleza kwa upole. Laini ya simu isiyotumika kwa muda mrefu huuzwa upya. Aliyeipata hii alifungua nayo ukurasa wa Keinan, akakuta sifa zake, picha zake, na sauti alizowahi kuwatumia wateja. Alichofanya ni kuzituma tena. Mwalimu mmoja wa mji wa Bute alikuwa ameshalipa, na mashine hakuiona. Huyo mtu hajakamatwa.

Khadra alipaswa kuripoti ukurasa ule ufungwe, na kwa siku mbili hakuweza. Alijua ukifungwa, sauti zote zitaondoka nao. Mwishowe aliomba simu ya jirani, kwa kuwa yake ilikuwa imefungiwa, akaingia kwenye ukurasa, akakuta jumbe saba za sauti ambazo Keinan alikuwa ameziweka hadharani enzi za duka lake. Alizihifadhi moja moja, akamtumia Fatumo pamoja na ile yenye mvua, ampelekee Rukiyo. Ndipo akaripoti. Ukurasa ulifungwa siku ya tano.

Laptopu alikuja kuinunua dukani Garissa, kwa mtu anayejulikana na mwenye risiti. Alikaa nayo karibu saa mbili: akaichomeka, akaichomoa, akabonyeza kila herufi, akalinganisha nambari iliyo chini ya mashine na ile ya kwenye risiti. Mwenye duka alichoka.

Siku za Ijumaa baada ya swala Rukiyo humpigia Khadra. Huzungumza juu ya mbuzi, bei ya sukari, magoti yake. Mara moja tu alimtaja Keinan.

"Zile sauti huwa nazisikiliza jua likiwa limewaka," alisema. "Ile yenye mvua nimemwambia Fatumo aitoe kwenye simu yangu."

"Aliitoa?"

"Alisema aliitoa. Jana niliisikia tena. Labda alisahau."

Khadra alimwambia labda alisahau. Kisha wakaulizana habari za magoti.