Kelele za Saa ya Matangazo

Baba alipougua, betri zilikuwa zimeadimika nchi nzima. Tulikuwa tunaishi Tangini, Kibaha, katika nyumba ya kupanga iliyoingizwa umeme si muda mrefu, na mimi nilikuwa nafundisha shule ya msingi. Mawe ya redio, kama tulivyoziita betri, hayakuonekana dukani, si Maili Moja wala Dar. Aliyekuwa nayo aliyaanika juani juu ya bati kama dagaa, ili yapate nguvu ya kusemea jioni. Yetu tuliyaanika mpaka yakavuja. Mume wangu akayatupa na kusema sisi hatuna shida, redio yetu inakula vyote viwili, betri na umeme, na umeme uko ukutani. Alilitamka hilo neno ukutani kama mtu aliyeuweka yeye.

Mimi sikuwa na hamu ya majivuno. Nilikuwa nimetoka Kisarawe, kijijini kwetu, kumuuguza baba, na nilikuwa nimerudi kwa amri yake. Ruhusa niliyopewa shuleni ilikuwa imekwisha, na baba hakuuza korosho zake miaka yote ile kunisomesha ili nije nifukuzwe kazi kwa ajili yake. Alinifukuza yeye pale kitandani.

"Nenda kwa watoto wa watu," alisema. "Ukihitajika utasikia redioni. Kaka yako atakwenda Dar kutangaza."

Ndivyo tulivyoishi. Simu hatukuwa nayo, na barua ilifika ikiwa imeshachakaa habari zake. Mtu akizidiwa, au akifa, ndugu mmoja alikwenda Dar kwenye redio ya taifa, na jioni kabla ya taarifa ya habari msomaji alisoma kwa sauti isiyopanda wala kushuka: fulani bin fulani, popote alipo, anaombwa afike nyumbani haraka. Halafu kulikuwa na jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelisema. Ukiambiwa baba yako ni mgonjwa sana, fika bila kukosa, ujue kaburi linachimbwa. Waliandika mgonjwa ili usije ukaanguka njiani. Basi kila jioni nilikaa mbele ya redio nikimwomba Mungu jina langu lisisomwe, na papo hapo nikiogopa lisije likasomwa nisilisikie.

Hofu hii ya pili ndiyo iliyonikondesha, kwa sababu redio yetu tangu ianze kula umeme ilikuwa inanguruma. Mchana haikuwa na neno. Ikiingia magharibi tu inaanza: ngrrr, ngrrr, kama mashine ya kusaga iliyo nyumba ya pili, na katikati yake unamsikia msomaji akisema "wa Kisarawe" halafu anamezwa. Wa Kisarawe gani? Kisarawe ina watu wangapi? Nilikuwa nasogeza sikio mpaka linagusa kitambaa cha spika, na jasho linanitoka kwapani. Matangazo yakiisha nilibaki na vipande vya majina ya watu wengine, na usiku mzima nikiviunganisha.

Mume wangu hakuwa mtu mbaya, ila alipenda kuwa fundi wa kila kitu. Aliigeuza redio ikatazama dirisha, akaigeuza ikatazama mlango, na kweli kila ikigeuzwa kelele zilipungua kidogo, na sauti ya msomaji nayo ikapungua. Akafunga waya mrefu wa erio, wa kunasia mawimbi, kutoka dirishani hadi kwenye mpapai. Akachomeka msumari mkubwa ardhini, akauunganisha na redio kwa waya mwingine, akaniagiza nimwagie maji pale msumarini kila jioni ili ardhi ivute uchafu wa umeme. Nilimwagia. Ningeambiwa nimwagie maziwa ningemwagia.

Kilichonitia wazimu zaidi ni wageni. Redio za majirani zilikuwa zimekufa kwa kukosa mawe, kwa hiyo saa ya matangazo sebule yetu ilijaa. Kila mmoja alikuwa na mtu wake mahali, Rufiji, Kilwa, jeshini. Na mume wangu, wageni wakiingia, aliwasha taa ya tyubu. Ilikuwa taa ya tyubu pekee katika mtaa wetu wote. Ilichelewa kuwaka, ikapepesa, ikapepesa tena, kisha sebule yote ikawa nyeupe na watu wakasema "Aa!" kama vile hawakuiona jana. Kwetu kumkaribisha mtu usiku ukamkalisha gizani ni kumtukana, na kumkalisha gizani huku nyumba ina umeme ni kumtukana na wazazi wake.

Lawama zote zikamwendea jirani yetu mwenye friji. Alikuwa mjane, akigandisha barafu za ubuyu na kuwauzia wanafunzi wangu, na friji lake lilikuwa linatetemeka hivi kwamba ukiegemea ukuta wa kati unalisikia mgongoni. Mume wangu alikata shauri kwamba kelele zinatoka huko, zinapita kwenye nyaya, zinakuja kwetu. Na kwa haki, liliposhtuka kuanza kazi redio nayo ilikohoa. Nikaenda kuomba mwenyewe. Nilipiga hodi, nikasalimia vizuri, nikamweleza habari ya baba yangu.

"Kwa hiyo mwalimu, friji langu ndilo linalomficha baba yako?"

"Dada, nakuomba saa hiyo moja tu."

"Barafu zangu zikiyeyuka wewe utazinywa?"

Nililia pale pale mlangoni. Sikukusudia, machozi yalikuwa karibu tu siku zile. Alinitazama, akaona haya, akasema sawa, atalizima.

Alilizima. Nilisikia ukuta ukinyamaza. Tukakaa, watu wamejaa, taa nyeupe inapepesa juu yetu, mume wangu akafungua redio kama mtu anayefungua zawadi. Ngrrr. Ile ile. Msomaji alikuwa amekwishaanza na hatukupata hata neno. Nilitaka kuibamiza ile redio kwenye ule ukuta aliokuwa anausifia.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Alikuwa jirani, kanga imefungwa kiunoni, amekuja kuangalia barafu zake zimemfaa nani.

"Haya. Langu nimezima. Hiyo kelele sasa ya nani?"

Akazungusha macho sebuleni, akatafuta kitu chochote chetu cha kulipizia, akakiona.

"Mimi nimezima na nyie zimeni!" Akaipiga swichi ya taa kofi.

Giza likaingia, na katika giza lile msomaji akatokea. Ninasema akatokea kwa sababu ilikuwa kana kwamba amesimama katikati ya mkeka. Hakuna mngurumo, hakuna mkwaruzo, mpaka karatasi yake tukaisikia ikigeuzwa. Kumbe ni taa yetu. Stata yake, kile kidude cha kuiwashia, ilikuwa imechoka, ndiyo maana taa ilikuwa haiachi kupepesa, na kila ikipepesa ilikuwa inapiga kelele ndani ya redio. Mume wangu alikuwa amezimisha friji la mwenzake, amepigilia msumari ardhini, ametundika waya kwenye mpapai, na haikumjia kuzima taa, kwani angewakalisha vipi watu gizani? Mtu mmoja akaanza kucheka, na wote wakafuata. Jirani ndiye aliyecheka zaidi, na mimi nilicheka, ninakumbuka vizuri kwamba nilikuwa nacheka.

Hapo likasomwa jina langu. Lilikuwa lile la kwetu, jina la baba likifuata na la babu, ambalo pale Tangini hakuna aliyelijua zaidi ya mume wangu, maana wote waliniita mwalimu. Nilitakiwa kufika nyumbani Kisarawe haraka bila kukosa, baba yangu ni mgonjwa sana.

Wengine waliendelea kucheka kidogo, hawakujua. Mume wangu ndiye aliyenishika bega. Jirani akauliza, "Nini?" kisha akafahamu, akakaa chini mkekani, akanivuta kichwa changu mapajani kwake na kuanza kulia kabla yangu. Wanaume wakatoka nje mmoja mmoja. Hakuna aliyeiwasha taa tena.

Alfajiri nilikuwa Maili Moja nimejifunga kanga nyeusi. Kwenda Kisarawe ilibidi kwanza nishuke Dar, na mafuta yalikuwa ya shida, kwa hiyo gari la kwanza lilichelewa na la pili likaharibikia njiani. Nilikuwa nimekwishamlilia, na sasa nilikuwa nawaza kuwahi mazishi tu. Sisi maiti hatumlazi. Nilijua kaka atasubiri kiasi, kisha wazee watamwambia inatosha. Nilishuka Kisarawe mjini nikaanza kutembea, nikipita mikorosho ninayoifahamu, na kila niliyekutana naye nilimtazama usoni nione kama atanipa pole. Walinisalimia tu. Hilo nalo nikalifasiri vibaya.

Nyumbani hakukuwa na watu. Hakuna mkeka nje, hakuna moto wa kupikia wafiwa. Nikasema wameshazika, wamekwishatawanyika. Kaka yangu akatoka mlangoni na ndoo, akaniona, akaiona na ile kanga nyeusi.

"Ndiyo unafika?" alisema. Hata pole ya safari hakunipa.

"Mmezika lini?"

"Tumzike nani? Yuko ndani anakungoja."

Baba alikuwa hai. Alikuwa amebaki mifupa na macho, amelala ubavu, na kwenye kigoda kando ya kichwa chake redio yake ndogo ikizungumza taratibu. Kaka alikuwa amehangaika Dar mpaka akampatia mawe mapya. Kijijini kwetu hapakuwa na waya wala nguzo, na sauti ilikuwa safi kama maji ya mtungi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Akavuta pumzi. "Nilimwambia kaka yako aandike kweli. Mgonjwa sana. Nilikuwa mgonjwa sana."

"Ndiyo, baba."

"Tangazo limesomwa wiki yote iliyopita. Na wiki hii tena. Nilikuwa nalisikia jina lako hapa. Siku ya kwanza nikasema, kesho atakuja." Akatua tena apumue. "Halafu nikasema, labda hataki."

Nikapiga magoti, nikamshika mkono, nikaanza kumweleza yote. Nikamweleza habari za mawe kukosekana, na redio kula umeme, na waya wa kwenye mpapai, na msumari niliokuwa naumwagia maji kila jioni, na friji la jirani, na taa. Nilieleza haraka haraka kama mtoto anayejitetea. Nilipofika kwenye taa nikainua uso, nikaona amefumba macho.

Nilidhani anapumzika. Nikaendelea kumweleza mpaka kaka akaja akanigusa, na mpaka leo sijui baba aliishia kunisikia wapi.